Safari ya Kutazama Roketi Ikirushwa

Je, umewahi kwenda kituo cha mabasi kumpokea mgeni, ukaambiwa kwamba basi halijafika? Bila shaka ulikaa ukangoja. Watu wanaokwenda kutazama roketi ikirushwa nao hungoja. Pengine hungoja saa moja, pengine siku tano, na pengine hurudi kwao bila ya kuiona.

Katika somo hili tutapanga safari ya namna hiyo. Tutatumia ramani, hesabu na majaribio mawili. Mwisho wa somo utaweza kueleza mahali pa kwenda, wakati wa kwenda, mahali pa kusimama, na kwa nini msafiri mwenye busara hutenga siku za kungoja.

A. Roketi huendaje?

Kabla ya kwenda kukitazama kitu, yafaa tujue jinsi kinavyofanya kazi.

Jaribio la kwanza

Vifaa: puto moja, uzi mwembamba wa mita 5, kipande cha mrija wa kunywea soda, na selotepu.

1. Pitisha uzi ndani ya mrija. Kisha funga ncha moja ya uzi kwenye dirisha na ncha ya pili kwenye kiti. Uzi uwe umekazwa.
2. Puliza puto mpaka lijae. Libane mdomo kwa vidole, usilifunge.
3. Mwenzako alibandike puto kwenye mrija kwa selotepu.
4. Sogeza mrija mpaka mwisho wa uzi, mdomo wa puto ukielekea nyuma. Sasa liachie puto.

Umeona nini? Hewa ilitoka kwa nguvu upande wa nyuma, na puto likaenda mbele. Roketi huenda kwa njia hiyo hiyo. Fueli huungua ndani ya injini na kutoa gesi za moto. Injini huzisukuma gesi hizo chini kwa nguvu nyingi, nazo gesi huisukuma roketi juu.

Fueli haiwezi kuungua bila ya oksijeni. Juu sana angani hakuna hewa, kwa hiyo roketi hulazimika kubeba oksijeni yake yenyewe. Roketi nyingi kubwa hubeba oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kiowevu, na nyingine hubeba pia haidrojeni kiowevu. Haidrojeni hiyo ina baridi ya digrii 253 za Sentigredi chini ya sifuri. Kumbuka jambo hili, kwani litatusaidia baadaye kueleza kwa nini roketi huchelewa.

B. Twende wapi?

Fungua ramani ya dunia. Itafute nchi ya Marekani, kisha jimbo la Florida lililo kusini mashariki yake. Katika pwani ya mashariki ya Florida kipo Kituo cha Anga cha Kennedy. Kutoka hapo, tarehe 16 Julai 1969, ilirushwa roketi iliyowapeleka watu wa kwanza kutua Mwezini.

Kwa nini pwani ya mashariki? Ziko sababu mbili.

Kwanza ni usalama. Upande wa mashariki kuna bahari. Roketi ikiharibika, au sehemu zake zilizokwisha kazi zikianguka, huangukia majini na si juu ya nyumba za watu.

Pili ni mwendo wa dunia. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Roketi ikielekezwa mashariki, hupata msaada wa mwendo huo, kama vile mtumbwi unaosafiri pamoja na mkondo wa maji. Kwenye mstari wa Ikweta ardhi huenda kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Huko Florida, mbali na Ikweta, mwendo huo ni kilometa 1,470 hivi kwa saa. Kwa hiyo kadiri kituo kinavyokuwa karibu na Ikweta, ndivyo msaada unavyozidi.

Sasa itazame pwani yetu ya Afrika Mashariki. Je, si kweli kwamba nayo ina bahari upande wa mashariki, na iko karibu sana na Ikweta? Wataalamu wa Italia waliliona jambo hilo. Walisimika jukwaa liitwalo San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nchini Kenya. Kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988 setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa hilo. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani.

Tangu mwaka 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni. Kwa hiyo safari yetu itakuwa ya Florida. Msafiri atahitaji pasipoti, viza, nauli ya ndege na fedha za chakula na malazi.

C. Twende lini?

Siku na saa ya kurusha roketi hutangazwa mapema. Lakini saa hiyo haichaguliwi ovyo. Unapompigia mpira mwenzako anayekimbia, huupigi pale alipo, bali pale atakapokuwa. Mwezi nao unakwenda, na dunia inazunguka. Kwa sababu hiyo roketi ya Mwezini huwa na muda maalumu wa kurushwa. Muda huo ukipita, roketi haina budi kungoja siku nyingine.

Msafiri akumbuke pia tofauti ya saa. Mwezi wa Januari, saa za Florida ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 8. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti hiyo ni saa 7, kwa sababu watu wa huko husogeza saa zao mbele.

Sasa tuone mfano wa kweli. Mwaka 2022 Wamarekani walitayarisha roketi kubwa yenye urefu wa mita 98. Safari yake iliitwa Artemis I, nayo ilikuwa ya kuzunguka Mwezi bila ya mtu ndani. Fuata tarehe hizi:

29 Agosti: Watu wengi walikuja kutazama. Kipimajoto kilionyesha kwamba injini moja haikupoa vya kutosha. Roketi haikurushwa.

3 Septemba: Watu walikuja tena. Haidrojeni ilivuja mahali bomba linapoungana na roketi. Roketi haikurushwa.

Mwishoni mwa Septemba: Kimbunga kilikaribia. Roketi ilirudishwa ndani ya jengo lake.

16 Novemba: Haidrojeni ilianza kuvuja tena. Mafundi watatu walikwenda mpaka chini ya roketi iliyojaa fueli, wakakaza nati, na uvujaji ukakoma. Saa 7 na dakika 47 za usiku roketi iliruka. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 3 na dakika 47 za asubuhi, wakati wa masomo.

Hesabu siku zilizopita tangu 29 Agosti hadi 16 Novemba. Je, mtu aliyekuwa na ruhusa ya siku tatu tu aliiona roketi hiyo ikiruka?

D. Kwa nini mafundi huahirisha?

Mtu aliyesafiri kutoka mbali huweza kukasirika anapoambiwa, "Si leo." Lakini sikiliza habari hii.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo kiitwacho Challenger kilikuwa tayari kurushwa kutoka kituo hicho hicho cha Florida. Ndani yake walikuwamo watu saba. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyekusudia kufundisha masomo akiwa angani. Wanafunzi wengi wa Marekani walikuwa wakitazama katika televisheni.

Usiku uliotangulia ulikuwa wa baridi kali, na barafu ilikuwa imeganda juu ya jukwaa. Wahandisi kadhaa walishauri kwamba wangoje, kwa sababu pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za pembeni zisingefanya kazi vizuri katika baridi ile. Ushauri wao haukufuatwa. Chombo kilirushwa. Gesi za moto zilipenya kwenye ungio moja, na baada ya sekunde 73 chombo kilivunjika angani. Watu wote saba walikufa.

Katika uchunguzi uliofuata, mwanasayansi Richard Feynman alichukua kipande cha mpira wa aina ile, akakibana, akakitia katika glasi ya maji ya barafu. Alipokifungua, mpira haukurudi upesi katika umbo lake. Baridi ilikuwa imeuondolea uwezo wa kunyumbuka. Jaribio dogo kama hilo, ambalo hata wewe unaweza kulifanya, liliwaonyesha watu wote chanzo cha msiba mkubwa.

Kwa hiyo kuahirisha si aibu. Hali ya hewa nayo huzuia roketi. Mwaka 1969 roketi ya Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili muda mfupi baada ya kurushwa. Kwa bahati wanaanga walinusurika. Siku hizi roketi hairushwi ikiwa radi iko karibu. Katika Florida, miezi ya Juni hadi Septemba huwa na ngurumo nyingi wakati wa alasiri. Mpangaji mzuri hulifikiria jambo hilo pia.

E. Tusimame wapi?

Watu hawaruhusiwi kusimama karibu na roketi, kwa sababu ya moto, kishindo na hatari ya mlipuko. Wengi hutazama kutoka mji wa Titusville, ng'ambo ya maji, umbali wa kilometa 20 hivi. Hapo mtu huona mwanga kwanza, wala hasikii kitu. Kwa nini?

Jaribio la pili

Vifaa: debe tupu, fimbo, na saa yenye mshale wa sekunde.

1. Nendeni kwenye uwanja mpana au njia iliyonyoka isiyopita magari. Mwenzako asimame mbali nanyi, kiasi cha mita 340, akiwa na debe.
2. Apige debe mara moja kwa nguvu, akiinua fimbo juu sana ili mumwone.
3. Pimeni muda kati ya kuona fimbo ikigonga debe na kusikia mlio.
4. Rudieni mara tatu.

Mtaona kwamba mlio huchelewa kwa sekunde moja hivi. Mwanga hutufikia mara moja, lakini sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde.

Sasa tufanye hesabu ya Titusville. Kilometa 20 ni mita 20,000. Gawanya 20,000 kwa 340. Utapata sekunde 59 hivi. Kwa hiyo roketi itakuwa imekwisha panda juu sana kabla ya mngurumo wake kumfikia mtazamaji. Asiyejua hili hudhani kwamba roketi haina sauti. Anayejua hutulia, huhesabu, na mngurumo unapofika kifuani mwake haushtuki moyo wake.

F. Siku yenyewe

Msafiri afike mapema, maana barabara hujaa magari. Achukue maji ya kunywa, chakula, kofia, koti la mvua, redio au simu ya kusikilizia matangazo, na darubini kama anayo. Angalia: usilitazame jua kwa darubini hata kidogo, utapofuka.

Kisha atasikia hesabu ikirudi nyuma: tano, nne, tatu, mbili, moja. Huenda pia hesabu ikasimamishwa njiani. Ikiwa hivyo, asinung'unike. Kuna fundi aliyeona kasoro, akasema kweli, na safari hii akasikilizwa.

Mambo ya kukumbuka

1. Gesi zinazosukumwa chini huisukuma roketi juu.
2. Roketi nyingi hurushwa kuelekea mashariki ili zipate msaada wa mwendo wa dunia.
3. Sauti husafiri polepole kuliko mwanga.
4. Baridi huweza kuuondolea mpira uwezo wa kunyumbuka.
5. Anayekwenda kutazama roketi atenge siku za kungoja.

Maswali

1. Kwa nini roketi hubeba oksijeni yake yenyewe?
2. Taja sababu mbili zilizoifanya Ngomeni kuwa mahali pazuri pa kurushia roketi.
3. Roketi itarushwa Florida saa 2 asubuhi mwezi wa Januari. Hapa kwetu itakuwa saa ngapi?
4. Mwanafunzi aliona umeme wa radi, na baada ya sekunde 6 akasikia ngurumo. Radi ilikuwa umbali wa mita ngapi?
5. Eleza jaribio la Feynman. Lilionyesha nini?
6. Una ruhusa ya siku kumi. Panga ratiba ya safari ya kwenda Florida kutazama roketi. Onyesha siku za njiani, siku ya kurushwa na siku za kungoja, na ueleze kwa nini umepanga hivyo.