Kipokezi Kimoja, Wasikilizaji Wengi

Redio ya nyumbani husikika stesheni moja tu kwa wakati mmoja. Baba akifungulia taarifa ya habari, nyote mtasikiliza habari. Je, kipokezi kimoja kinaweza kuwatumikia watu wengi, kila mtu kwa stesheni yake?

Naam, kinaweza. Kipokezi cha namna hiyo kilianza kutumika mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Twente, nchini Uholanzi. Kilitengenezwa na Pieter-Tjerk de Boer. Hufanya kazi hivi:

1. Antena hunasa mawimbi ya stesheni nyingi kwa pamoja.

2. Chombo maalumu hupima umeme uletwao na mawimbi hayo, mamilioni ya mara kila sekunde. Vipimo huandikwa kwa tarakimu.

3. Kompyuta huzichambua tarakimu na kutenganisha stesheni, kama mtu atenganishavyo mchele na choroko.

4. Kila msikilizaji hufungua ukurasa wa kipokezi katika intaneti na kuchagua masafa. Kompyuta humpelekea sauti ya stesheni hiyo tu.

Anayetaka kuweka kipokezi hiki hana budi kuchagua vizuri mahali pa antena. Aiweke mbali na mitambo ya umeme. Mitambo hiyo huleta mikwaruzo, na mikwaruzo ikiingia kwenye antena, itawaudhi wasikilizaji wote.

Maswali

1. Kwa nini wasikilizaji wawili hawagombanii kipokezi hiki?

2. Stesheni ambayo mawimbi yake hayaifikii antena ya Uholanzi, je, itasikika? Eleza.