Mlinzi wa Chumvi ya Mwili

Watoto wa Nanyala hununua chumvi dukani kwa fedha kidogo. Zamani haikuwa hivyo. Huko Ivuna, katika mkoa huu huu wa Songwe, watu walichemsha maji ya chumvi hata yakakauka, ndipo wakaipata. Kitu kilichopatikana kwa taabu namna ile hakikumwagwa ovyo. Mwili nao haumwagi chumvi yake ovyo.

Kazi ya kuilinda ni ya figo. Figo ni mbili, nazo zakaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kwa siku moja huchuja kutoka katika damu maji yapatayo lita 180, yenye chumvi ndani yake. Kama yote yangetoka nje, mtu angekufa upesi. Basi maji hayo hupita katika vijifereji vyembamba mno, na kuta za vijifereji huirudisha chumvi damuni pamoja na maji. Katika kila sehemu 100 za chumvi, karibu 99 hurudi. Inayobaki hutoka katika mkojo.

Je, ni nani aviamuruye vijifereji kushika chumvi? Wajumbe ni wengi, na mmoja wao ni insulini, itokayo katika kongosho. Watu huijua kwa kazi yake ya kupunguza sukari katika damu. Lakini mwaka 1975, huko Marekani, DeFronzo na wenzake waliwapa insulini watu wenye afya, wakailinda sukari yao isishuke. Wakaona ya kuwa chumvi katika mkojo ilipungua karibu nusu, ingawa figo zilichuja kama kwanza.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari akikosa insulini kabisa, hupata hasara mbili. Sukari iliyozidi huvuta maji mengi mkojoni, na vijifereji navyo hulegea katika kushika chumvi. Hukojoa mno, hushikwa na kiu, hudhoofika, na asipotibiwa hufa. Akianza kudungwa insulini, pengine miguu yake huvimba kwa muda, maana chumvi na maji sasa vyashikwa. Basi asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali amwendee daktari upesi.

Maswali
1. Vijifereji vya figo hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mgonjwa akosaye insulini huona kiu?
3. Mgonjwa akivimba miguu baada ya kuanza insulini, afanye nini?