Neno "Moyo" Kitandani pa Mgonjwa wa Kongosho

Makala haya yanachunguza istilahi mbili zinazomkabili muuguzi mjini Elwak, Kaunti ya Mandera, ambako Kisomali na Kiborana ni lugha za nyumbani kwa wengi na Kiswahili aghalabu ni lugha ya pili.

Ya kwanza ni chembe cha moyo. Kongosho, lililo nyuma ya mfuko wa chakula, likivimba ghafla huleta maumivu makali mahali hapo, ambayo huweza kupenya hadi mgongoni. Mgonjwa hutapika, na huenda akapata nafuu kidogo akiinama mbele. Chembe cha moyo ni sehemu iliyo chini ya kidari, wala si moyo wenyewe. Asiyelijua hilo ataandika "maumivu ya moyo", na uchunguzi wa kongosho waweza kuchelewa. Hivyo basi, mgonjwa aombwe aonyeshe kwa kidole.

Ya pili ni uzingativu, yaani kuelekeza nia kwenye pumzi na hali iliyopo. Wapo watakaopendelea khushui. Lakini khushui ni unyenyekevu wa ibada, na kuibebesha zoezi la wodini ni kuipotosha. Twapendekeza kauli nyepesi: "Tulia, ifuate pumzi yako, usiivute kwa nguvu." Zoezi hili laweza kupunguza hofu, haliondoi haja ya dawa za maumivu, maji ya mishipani, na kupima mapigo ya moyo, joto na mkojo.

Kwa kuhitimisha, istilahi sahihi ni sehemu ya uuguzi. Mwanaisimu anayeipuuza wodi amemwachia mgonjwa mzigo wa kutafsiri maumivu yake.