Masikio Kwanza, Herufi Baadaye

Nafundisha darasa la awali kijijini, mkoani Shinyanga. Watoto wengi hufika kwangu wakizungumza Kisukuma tu, na Sera ya Elimu ya 2014 inawahakikishia mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Kwa kuwa muda ni mfupi, walimu wengi huanza na a, e, i, o, u siku ya kwanza. Mimi huanza na mazungumzo, kwa sababu mtoto hawezi kusoma kwa kuelewa neno asilowahi kulisikia wala kulitamka.

Refusha sentensi ya mtoto

Asubuhi tunasalimiana kwa lugha zote mbili, “Mwangaluka” kisha “Shikamoo”, ili mtoto ajue lugha ya nyumbani kwao haifukuzwi darasani. Baada ya hapo nawaacha waongee. Mtoto akionyesha dirishani na kusema “Ng’ombe!”, sikomei kwenye “vizuri”. Namwambia, “Ndiyo, ng’ombe mweusi anakunywa maji. Na yule mwingine anafanya nini?” Akijibu kwa Kisukuma napokea jibu lake, nalirudia kwa Kiswahili, kisha tunalisema pamoja.

Simulia, kisha simama

Kila siku tuna hadithi, na sungura na fisi hawachoshi. Fisi akishanaswa mtegoni nanyamaza na kuuliza, “Sasa atafanyaje? Kwa nini?” Swali la “kwa nini” humfundisha mtoto kupanga mawazo, na ndiyo kazi atakayoifanya baadaye akisoma habari peke yake. Kesho yake watoto ndio wanaonisimulia. Bibi au babu wa kijijini akipata nafasi, namkaribisha asimulie kwa Kisukuma.

Piga makofi ya silabi

Hapa hakuna kitabu wala ubao. Tunasema neno na kulipigia makofi: ndi-zi, ka-la-mu. Neno “mtoto” huwatega. Wengi hupiga mara mbili. Basi nawaambia wafumbe midomo, waweke kidole juu yake na kusema “mmm” mpaka wasikie mtetemo. Tukirudia, m-to-to, makofi yanakuwa matatu. Mtoto anayeisikia “m” hiyo hataiacha nje siku atakapoandika.

Sasa leta herufi

Baada ya irabu, nachukua konsonanti moja moja, nikifundisha sauti yake: “mmm”, si “em”. Tukipata ma, me, mi, mo, mu, tunasoma papo hapo: mama, mimi, mume. Nikiongeza “l” tunapata lima, mali, lala, mila. Herufi b na d nazitenganisha kwa majuma kadhaa, maana zinafanana machoni. Kiswahili kinatuhurumia: herufi hazibadilishi sauti ovyo, hivyo mtoto aliyeshika silabi chache anasoma maneno mengi.

Kuandika kunaanzia hewani, kisha mchangani, ndipo penseli.

Vifaa viko karibu

Andika silabi kwenye vizibo vya soda, watoto waunde maneno. Andika jina la kila mtoto kwenye kipande cha boksi. Anapoingia asubuhi atafute lake na kulitundika, hayo ndiyo mahudhurio yake. Kitabu cha hadithi kisipokuwepo, watoto wachore, wewe uandike chini ya picha maneno yao walivyoyasema, kisha ushone karatasi ziwe kitabu cha darasa.

Mwongozo wa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wengi wetu tuna zaidi. Wagawe kwenye kona: hadithi, vizibo, mchanga, duka la kuigiza. Keti na kundi moja, mengine yakicheza, kesho ubadilishe. Katika kundi dogo hata mtoto mkimya hupata zamu ya kusema.

Wazazi hupenda kuona daftari lililojaa. Mwalimu mwenzangu, waite waje wamsikie mtoto wao akisimulia hadithi toka mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili. Hayo ni maendeleo ya kusoma, na wana haki ya kuyajua.