Betri Inaposhiba Kupita Kiasi

Wengi wetu tumezoea kusikia nyumbani ati betri ya sola imekufa kwa sababu ya mawingu, au kwa sababu watoto walitazama televisheni hadi usiku wa manane. Ni kweli, betri hufa kwa njaa. Lakini ziko nyingine zinazokufa kwa shibe, tena mchana kweupe, jua likiwaka na kila mtu akifurahi. Hizo ndizo tutakazozizungumzia leo.

Mjomba wangu ana duka la kinyozi katika soko moja dogo ambako nguzo za stima hazijafika. Paneli yake ni ya wati 100, na betri yake ilikuwa ya maji, volti 12, ampia-saa 100. Likizo moja kontrola yake iliungua. Kontrola ni kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, hii kitu inakupotezea pesa tu. Unganisha waya moja kwa moja, stima iingie yote." Mjomba akakubali. Kwa siku kadhaa mashine za kunyolea zilivuma kama nyuki, naye akawa anamsifu fundi kwa kila mteja. Kisha balbu mbili zikaungua adhuhuri. Halafu duka zima likaanza kunuka mayai viza. Tulipofungua vifuniko vya betri, maji yalikuwa yameshuka hadi sahani za risasi zikaonekana, na ubavu mmoja ulikuwa umevimba. Pesa za betri mpya zingeweza kununua kontrola kadhaa.

Fundi hakusema uongo, stima iliingia yote. Swali ni je, ilikwenda wapi?

Betri ya volti 12 ina seli 6, na kila seli ina takriban volti 2. Ikijaa na kupumzishwa, multimita husoma kama 12.7. Ili kuijaza lazima uisukume kwa volti za juu zaidi ya hizo. Kwa betri nyingi za maji, kikomo ni karibu volti 14.4 joto likiwa digrii 25. Sasa chukua ile paneli tunayoiita ya volti 12, yenye seli 36. Iweke juani bila kuiunganisha na chochote, kisha uipime: utapata volti 21 au 22! Betri ikiwa na njaa, yenyewe huzivuta volti hizo chini, kwa hiyo huoni tatizo. Ikishashiba, sahani hazina tena cha kubadilisha. Umeme unaozidi kuingia hugeukia maji na kuyapasua kuwa haidrojeni na oksijeni. Ni elektrolisisi ile ile ya maabara, ila hapa hakuna mwalimu wa kuzima swichi.

Tupige hesabu kidogo. Kila ampia-saa moja ya ziada hupoteza takriban gramu 0.34 za maji katika kila seli, yaani kama gramu 2 kwa seli zote 6. Paneli ikisukuma ampia 5 kwa saa 4 baada ya betri kujaa, hizo ni ampia-saa 20, na maji yaliyopotea ni gramu 40 hivi. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja, utakuwa umepoteza zaidi ya lita moja. Maji hayo hurudishwa kwa maji safi ya betri yanayouzwa kwenye chupa, wala si kwa asidi kama wengi wanavyodhani. Asidi haikwenda popote.

Maji si hasara kubwa. Hofu yangu ni ile haidrojeni. Ikifikia asilimia 4 ya hewa iliyo chumbani, cheche moja yatosha kuilipua. Na mjomba, jamani, alikuwa na mazoea ya kuchungulia maji ya betri jioni akiwa ameshika koroboi! Nikikumbuka hilo, mwili hunisisimka hadi leo.

Kazi ya kontrola basi ni kusema "basi". Volti zikifika kikomo, huanza kubana njia ya umeme, ikiizuilia betri kwenye 14.4 hivi kwa saa moja au mbili, halafu huzishusha hadi karibu 13.6 ili betri ikae imejaa bila kuchemka. Kontrola nzuri hupima pia joto. Betri ikiwa na joto hushiba kwa volti za chini zaidi, tofauti ikiwa volti 0.02 hadi 0.03 kwa kila digrii. Kwa hiyo betri iliyo Lodwar kwenye digrii 35 hutaka kama 14.1 au 14.2, ilhali ile ya Limuru asubuhi ya baridi yaweza kuhitaji zaidi ya 14.4. Kuiweka betri chini ya bati linalochomwa na jua ni kuiongezea maradhi.

Mpangilio wa kuunganisha nao una sababu. Betri hutangulia kufungwa kwenye kontrola, paneli hufuata. Wakati wa kufungua, paneli hutoka kwanza. Kontrola hujua volti za mfumo kwa kuisoma betri. Ukianza na paneli, baadhi yake huachilia zile volti 21 zikimbilie taa na redio yako.

Siku hizi kuna betri za lithiamu. Zile za seli 4 hazitakiwi kuvuka volti 3.65 kwa kila seli, yaani 14.6 kwa jumla, na ndani yake mna saketi ya ulinzi inayokata zikizidi. Watu husikia hivyo wakalala usingizi. Lakini saketi hiyo ikikata jua likiwa utosini, kontrola hubaki ghafla bila betri, na volti zaweza kuruka zikaunguza vyombo. Afadhali kontrola yenyewe ipangwe isimame mapema, kama 14.2. Tena kuna kontrola ambazo mara kwa mara hupandisha volti kusudi, hata 15, ili kuyakoroga maji ya betri. Kwa betri za maji hiyo ni dawa, kwa lithiamu na zile zilizozibwa ni sumu. Mpangilio huo uzimwe.

Mjomba alinunua kontrola mpya pamoja na multimita. Koroboi ameihamishia jikoni. Kila adhuhuri hupima, kisha huandika kwa chaki ukutani, chini ya bei za kunyoa. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa imeandikwa 14.3, na mteja mmoja alikuwa akiuliza huo ni mtindo gani wa nywele.