Kutambua Oti Mwitu, Bromu na Raigrasi Katika Ngano Changa

Mwongozo huu ni wa wapalizi, wapuliziaji dawa na wasimamizi wa mashamba ya ngano na shayiri ya Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Timau. Oti mwitu, bromu na raigrasi ni nyasi za magugu, wageni wenye asili ya nchi za Mediterania na Asia ya Magharibi, na husafiri ndani ya mbegu za nafaka. Huota, huzaa na kufa katika msimu mmoja. Anayengoja masuke yatoke ndipo azitambue amechelewa, kwani ngano imekwisha kunyang'anywa mbolea na maji.

Usitegemee rangi wala kimo, maana mvua na mbolea hubadilisha vyote viwili. Ng'oa mche wenye majani matatu au manne, kisha uchunguze pale jani linapoachana na shina. Ngano ina vijisikio (vijipembe vinavyolikumbatia shina) viwili vifupi vyenye vinyweleo. Vijisikio vya shayiri ni virefu, havina vinyweleo, na hupishana mbele ya shina. Oti mwitu (Avena fatua) haina vijisikio kabisa. Utaona tu utando mweupe uliosimama. Kisha tazama jani kutoka juu: la ngano hujisokota kufuata mwendo wa mishale ya saa, la oti mwitu kinyume chake. Ukiwa bado na shaka, chimbua mche taratibu kwa kisu ili mbegu itoke pamoja na mizizi. Ganda la kahawia lenye manyoya ni la oti mwitu.

Bromu (Bromus diandrus) nayo haina vijisikio, na hapo ndipo hata wazoefu huchanganya. Chunguza ala, yaani sehemu ya jani inayolizunguka shina. Ala ya oti mwitu iko wazi, kingo zake zikipishana; ya bromu imeungana kama mrija karibu hadi juu. Papasa pia: bromu ina vinyweleo vingi laini kwenye jani na ala, ilhali oti mwitu huwa navyo vichache, hasa kwenye kingo za jani.

Raigrasi ni rahisi zaidi. Jani lake ni jembamba, upande wa chini unang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na shina huwa jekundu karibu na udongo. Ndugu yake mmoja, Lolium temulentum, astahili tahadhari ya pekee, kwa sababu punje zake mara nyingi hubeba kuvu yenye sumu, na zikisagwa pamoja na ngano unga humtia mlaji kizunguzungu. Wataalamu wengi huamini kwamba ndiyo magugu ya mfano ulio katika Mathayo 13. Suke la raigrasi likitoka, visuke vyake huwa vimelikabili shina kwa ukingo. Vya ngano hulikabili kwa ubapa.

Utambuzi huu ndio unaoamua kazi inayofuata. Mbegu za bromu haziishi muda mrefu ardhini, na zikifukiwa kwa kina hushindwa kuchomoza; kwa hiyo jembe la kupindua udongo huzipunguza sana. Oti mwitu huchomoza hata kutoka kina cha sentimita 15, na mbegu zake hulala udongoni miaka kadhaa. Kuilima kwa kina ni kuiwekea akiba. Dawa nazo hutofautiana: kadhaa zinazoua oti mwitu ndani ya ngano huiacha bromu ikiwa hai. Soma lebo, na iwapo gugu lako halikutajwa, usinunue.

Oti mwitu hupukutisha mbegu nyingi kabla ya mavuno; iliyosalia hung'olewa kwa mkono kabla haijakomaa, ikatiwa guniani na kuchomwa nje ya shamba. Mashine ya kuvunia ya kukodi isafishwe kwenye lango, kabla haijaingia, na msimamizi mwenyewe aikague: kwenye meza ya kukatia, ndani ya tangi la nafaka, na juu ya chekecheo.