Oili Inayopotea: Tafuta Tundu Kabla ya Kutafuta Mwizi



Somo la leo sisi tumelilipia. Tunaliandika ili nyinyi mlipate bure.

Kikundi chetu kina mashine ya posho. Injini tuliinunua ikiwa imetumika, tukaifunga wenyewe juu ya fremu iliyochomelewa na mafundi wa jua kali. Ni injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kuzunguka pole pole. Mwanzoni mkebe wa oili wa lita 5 ulitufikisha wiki sita. Baadaye mkebe ule ule ukawa unaisha kwa wiki tatu. Kijana aliyeendesha mashine akasema, "Inakunywa hiyo." Hatukuamini. Chini ya injini palikuwa pakavu kabisa. Mweka hazina akauliza mkutanoni, kama oili haimwagiki, inaenda wapi? Macho yote yakamgeukia yule kijana. Hakuna aliyemwita mwizi kwa mdomo, lakini tulimwambia apumzike, tukaweka mwingine.

Huyo mwingine naye, mkebe ukaisha kwa wiki tatu.

Ndipo tukamwita fundi. Hakuanza na spana. Aliinama, akavuta magunia tuliyotandika chini ya injini ili pawe safi. Juu yalikuwa na pumba kavu za siku ile. Chini yalikuwa yamelowa, mazito kama nguo zilizotolewa mtoni. Kumbe oili yetu ilikuwa humo.

TONE NI PESA

Fundi alitufanyia hesabu hii kwa chaki ukutani. Tone moja kila sekunde 5 ni matone 12 kwa dakika. Kwa saa moja ni matone 720. Mashine ikifanya kazi saa 5 kwa siku, ni matone 3,600, yaani kama kikombe kidogo cha chai. Kwa wiki tatu inapita lita 2. Hakuna mtu aliyeiba. Ilikuwa inadondoka mbele yetu, sisi tumeifunika na gunia.

KWA NINI OILI HUTOKA

Wengi wetu tukiona oili nje tunasema gasketi imekufa. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwanza tuelewe injini inavyopumua.

Pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo ndani ya tumbo la injini husukumwa. Tena, moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ukaingia humo tumboni. Hewa hiyo lazima ipate njia ya kutoka. Njia yake ni kipumulio, yaani kitundu au kibomba kidogo chenye kifuniko. Katika injini nyingi za pole pole, kama zile wazee wetu wanaziita Lister, kwa jina la kiwanda cha Dursley, Uingereza, kipumulio kina kilimi chepesi kinachoruhusu hewa itoke tu, isirudi.

Kipumulio kikiziba, hewa haina pa kwenda. Inasukuma oili itoke popote penye udhaifu: kwenye gasketi, kwenye sili ya shafti, kwenye kijiti cha kupimia. Hapo ukibadilisha gasketi mara kumi, itavuja mara kumi.

Chetu kilikuwa kimezibwa na vumbi la unga lililochanganyika na oili, likakauka kama ugali wa juzi. Katika nyumba ya posho si ajabu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zima injini, iache ipoe. Oili moto huchoma vibaya.

2. Pima oili injini ikiwa imesimama mahali palipo sawa. Isizidi alama ya juu ya kijiti. Ukijaza kupita kiasi, nayo pia itatafuta pa kutokea.

3. Ondoa magunia na pumba zote. Osha injini kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto na sigara. Panguse kwa tambara, paache pakauke kabisa.

4. Saga chaki ya shule iwe unga, upake kidogo mahali unaposhuku. Washa injini kwa dakika 10 au 15, kisha zima. Oili itachora mstari mweusi juu ya chaki. Fuata mstari huo kwenda juu. Oili hushuka, kwa hiyo tundu liko juu ya mahali inapodondokea.

5. Kagua kipumulio kabla hujanunua chochote. Kifungue, kioshe kwa mafuta ya taa, hakikisha kilimi hakikupinda wala kuraruka. Ukikirudisha, washa injini na uweke kiganja karibu na mdomo wake. Utasikia hewa ikipumua nje. Usiposikia kitu, bado kimeziba. Ukiona moshi mwingi unatoka mfululizo, ringi zimechakaa. Hiyo ni kazi ya fundi, wala gasketi haitaiponya.

6. Kaza bolti zilizolegea. Usikaze moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine. Kaza kidogo kidogo, ukivuka upande wa pili kila mara, kama mtu anavyokaza gurudumu la gari. Usitumie nguvu za hasira. Kifuniko cha bati hupinda, bolti hukatika.

7. Gasketi ikiwa imechanika, kata mpya kutoka karatasi ya gasketi ya dukani. Weka karatasi juu ya kifuniko, gongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka alama za kingo na matundu zionekane, kisha kata kwa makasi. Kwanguru ya zamani itoke yote, lakini usichimbe chuma kwa bisibisi. Kama kifuniko cha bati kimebonyea penye matundu ya bolti, kinyooshe juu ya chuma tambarare. Karatasi hii haifai kwa gasketi ya kichwa cha silinda. Hiyo hununuliwa ya injini yenyewe.

8. Gundi ya silikoni ipake nyembamba. Inayozidi hubanwa ikaingia ndani, ikakatika na kuziba njia za oili. Hapo umeponya kuvuja, umeua injini.

9. Sili ya shafti ikichakaa, mpya iingizwe mdomo wake ukitazama upande wa oili, ukiwa umepakwa grisi. Igongwe kwa kipande cha mbao, pole pole, isiingie kombo.

10. Nati ya kumwagia oili ikivuja, tazama washa yake. Kama ni ya shaba nyekundu, ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini. Italainika na kukaa vizuri tena.

Kwetu sisi ilikuwa hatua ya 5 na ya 7 tu. Gharama ilikuwa karatasi moja ya gasketi na mchana mmoja wa fundi.

TAHADHARI

Mama zetu, vueni leso mkikaribia mkanda na magurudumu mazito. Usifunge wala kupangusa kitu injini ikizunguka. Oili isifike karibu na mahali unga unapotokea, maana hiyo ni chakula cha watoto. Oili chafu isimwagwe kisimani wala mtoni, na isipakwe kidondani. Iweke katika mkebe wenye kifuniko, mpelekee fundi anayekusanya. Nawa mikono kwa sabuni.

Chini ya injini weka karai, si gunia. Gunia huficha, karai husema. Na ukutani tundikeni daftari: tarehe, saa za kazi, oili iliyoongezwa, jina la aliyeongeza. Kama tungekuwa nalo, tungeona kuwa oili ilipungua kulingana na saa za kazi, si kulingana na mtu.

Vikundi vyenye trekta, au gari lililounganishwa kwa vipuri vya magari matatu, somo ni hilo hilo. Kila injini inapumua.

YULE KIJANA

Tulimwita mbele ya mkutano wote, kwa sababu mbele ya mkutano wote ndipo tulipomtazama vile. Mwenyekiti akamwomba msamaha. Mweka hazina naye akasimama akaomba. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Niliwaambia inakunywa." Tukalipa siku alizokaa nyumbani. Amerudi kazini, lakini mama yake bado husagia mashine nyingine. Gasketi tuliipata dukani. Hiyo nyingine haiuzwi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kipumulio cha injini yetu kiko wapi? Nani amewahi kukifungua?
2. Chini ya injini yetu tumeweka nini?
3. Je, kuna mtu katika kikundi tuliyemshuku kabla ya kupima? Tumemwambia nini?